Baada ya Kijani Hakuna Rangi

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa wazazi wa shule ya msingi, Walukuba, Jinja

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu na walimu wako, mwenyekiti wetu wa LC, yaani baraza la mtaa, wazee wangu, akina mama, akina baba: hamjambo? Na nyinyi mliosimama kule nyuma chini ya mwembe, hamjambo? Sogeeni karibu, sauti yangu nayo imestaafu.

Mwalimu mkuu aliniuliza kama nitazungumza Kiingereza, Kiganda au Kisoga. Nikamwambia, mwalimu, hii ni Walukuba. Msoga, Mjaluo, Mteso, Mgisu na Mlugbara wanaishi hapa ukuta kwa ukuta, na tukigombania zamu ya bomba tunagombana kwa Kiswahili. Basi na habari ya matumbo ya watoto wetu tuizungumze kwa lugha hiyo hiyo, asiwepo wa kusema hakusikia.

Nimekuja na kitu mfukoni. Huu hapa. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki anaujua utepe huu. Unauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, unauvuta bila kubana, kisha unasoma rangi kwenye kidirisha. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5: mtoto huyo ana utapiamlo mkali, leo harudi nyumbani bila matibabu. Njano ni kati ya 11.5 na 12.5: tumwangalie kwa makini. Kijani ni kutoka 12.5 kwenda juu. Mama akiona kijani anashusha pumzi, anamfunga mtoto mgongoni na kwenda zake sokoni.

Sasa tazameni. Baada ya kijani kuna nini? Kijani. Halafu? Kijani tena, mpaka utepe unaisha. Hakuna rangi ya kumwambia mama kwamba sasa imetosha. Simlaumu aliyeubuni, aliubuni ili kumtafuta mtoto anayekufa njaa, na kazi hiyo utepe unaifanya vizuri mno. Ila baada ya miaka 36 ya uuguzi nimegundua kuwa utepe huu tumeubeba vichwani. Mtoto akikonda tunajua la kufanya, hata jirani anajua. Akinenepa, tunashusha pumzi.

Nitawapa kisa kimoja, na jina silitaji. Miaka michache kabla sijastaafu, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka kumi, wa darasa la tano. Hakuja kwa sababu ya uzito. Alikuja kwa sababu ya uchafu. Alimvua binti kola ya sare, akanionyesha shingo. Ngozi ya nyuma ya shingo ilikuwa nyeusi kuliko mwili wote, nene, yenye mikunjo laini kama kitambaa cha mahameli. Na juu yake kulikuwa na michubuko mibichi. Mama alikuwa amesugua kwa dodoki, akasugua kwa limau, akasugua kwa jiwe la miguu. Walimu walikuwa wamemwambia mtoto haogi. Binti alisimama pale akitazama sakafu, amezoea kusuguliwa.

Nikampima. Kilo 61, urefu mita moja na sentimita 42. Ule haukuwa uchafu, ndugu zangu. Mwili ukijaa mafuta, hasa tumboni, seli zinaanza kuwa viziwi kwa insulini, ile homoni inayofungua mlango ili sukari iingie. Kongosho likiona mlango haufunguki linamwaga insulini zaidi, na zaidi. Insulini hiyo nyingi ndiyo inayoinenepesha na kuitia weusi ngozi ya shingo, ya makwapa na ya mapajani. Haitoki kwa sabuni. Inafifia uzito ukipungua. Nilipomweleza mama, alikaa kimya, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Lakini Sista, huyu ndiye anayekula vizuri kuliko wote nyumbani."

Sikumcheka. Namwelewa kabisa, na nataka tuelewane ni kwa nini namwelewa, maana nikianza kuwahubiria soda na chipsi kabla ya hapo, mtatikisa kichwa, mtapiga makofi, na jioni mtapita dukani.

Mimi nilizaliwa mwaka 1962, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1972, nikiwa na umri wa yule binti, Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini. Kiwanda cha sukari cha Kakira ni hapo tu, mtu wa baiskeli anafika. Kilianza mwaka 1930, na kile cha Lugazi mwaka 1924. Vyote viwili vilikuwa vya Wahindi, na vyote vikadhoofika. Tukawa tunaishi tumezungukwa na miwa na ndani ya nyumba hakuna sukari. Vijana mliokaa hapa mbele hamwezi kuelewa. Kilo moja ya sukari ilikuwa ya kupangiwa foleni, ya kuandikiwa kikaratasi, au ya magendo. Mama yangu alikuwa na kopo la bati ambalo alilificha ndani ya sanduku la nguo, chini ya gomesi yake ya arusi. Mgeni akija, kijiko kimoja. Mgonjwa, kijiko kimoja. Sisi watoto tulilamba kijiko kilichobaki, kwa zamu, na mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Na tajiri wa wakati ule, aliyepewa duka la Mhindi, tulimwitaje? Wazee, semeni. Naam: mafuta mingi. Mnacheka, lakini sikilizeni lugha yetu ilivyosema. Mwenye pesa ana mafuta. Asiye na mafuta hana kitu.

Halafu ikaja miaka ya 80. Nilianza uuguzi mwaka 1986 na nikakuta wodi zimejaa watu waliobaki mifupa na macho. Ugonjwa ule, ambao leo tunauita UKIMWI, tuliuita Slim, yaani wa kukonda, Waganda wakasema silimu, na madaktari walipouandika katika jarida lao la Uingereza mwaka 1985 waliuandika kwa jina hilo hilo la mitaani kwetu. Nani hapa hakuzika mtu? Miaka ile ukipungua kilo tatu kwa malaria tu, jirani anakuhesabia siku. Mtoto akikonda, macho ya watu yanakwenda kwa mama yake. Mimi mwenyewe, muuguzi, kitinda mimba wangu nilimlisha kama mtu anayejibu kesi mahakamani. Mashavu yake yalikuwa ushahidi wangu.

Kwa hiyo tunapopakua, mkono wetu unashikwa na hofu mbili: hofu ya kopo tupu na hofu ya Slim. Bibi anapomwongezea mjukuu sukari kwenye chai si ujinga ule. Anamlipa mjukuu deni la mwaka 1975. Shida ni kwamba mjukuu hakumkopesha.

Sasa mtu mwenye hesabu ataniuliza, hali ni mbaya kiasi gani? Nitasema ukweli, sitatia chumvi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano, 29 wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni 4. Ishirini na tisa kwa nne. Ndiyo maana serikali, mashirika na sisi wauguzi tumepiga kelele za kudumaa, na tulikuwa sahihi. Lakini utafiti huo huo uliwapima akina mama wa miaka 15 mpaka 49, ukakuta 24 katika kila 100 wamezidi uzito au ni wanene kupita kiasi. Kati ya wale wanne na hawa ishirini na wanne kuna kitu kinatokea, na kinaweza kuanzia katika miaka hii ya shule, mbele ya macho yetu, bila utepe wowote kukipima. Ulimwenguni mambo yameshaharibika: mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 19 wenye unene wa kupindukia walikuwa 2 katika 100, kufika 2022 walikuwa 8. Nchi zilizoharibikiwa nazo zilianza na namba ndogo.

Na msidhani kudumaa na unene ni watu wawili tofauti. Mtoto aliyekosa chakula bora tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza, mwili wake unajifunza kubana matumizi. Ukija kumpa mafuta na sukari baadaye, unaweka akiba yote.

Tuje mezani. Mwalimu, nisaidie ile glasi, kijiko cha chai na bakuli la sukari. Asante. Naomba mtoto mmoja ahesabu kwa sauti. Hii ni chupa ya soda ya kioo, mililita 300, ile ya kawaida kabisa. Hesabu, mwanangu. Moja, mbili, tatu... nane. Vijiko vinane, karibu gramu 32. Ile ya plastiki ya nusu lita, ambayo mwanafunzi anaitembeza mkononi kama redio, ni vijiko kumi na tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku. Kwa mtoto wa umri wa shule hii hiyo ni kama vijiko kumi, kwa siku nzima, na bora zaidi viwe vitano. Mama mmoja hapa mbele ameziba mdomo. Usiogope mama, hujafungwa.

Tatizo la kinywaji ni kwamba tumbo halikihesabu. Mpe mtoto viazi vitamu vitatu, ataacha mchana. Mpe soda yenye nguvu ile ile, saa moja baadaye anaomba chakula kama hajaweka kitu kinywani. Na sisemi soda peke yake. Ile juisi ya pasheni mnayotengeneza nyumbani kwa kujivunia kuwa ni ya asili, nimeona jagi moja likimezwa na robo kilo ya sukari. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, uji wa saa nne viwili, juisi, chai ya jioni vitatu. Mtoto hajagusa soda na ameshafika mwisho wa safari.

Kuhusu chapati nitakuwa mpole, maana najua nusu ya mtaa huu umesomeshwa na chapati. Kikomando, yaani chapati na maharage, sina ugomvi nacho: maharage ni chakula cha heshima. Rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ina mayai, nyanya, kitunguu, kabichi. Mtu aliyesukuma baiskeli ya matoke kutoka Bugembe ale hata mbili. Ugomvi wangu ni mtoto aliyekaa kutwa, anayepewa elfu moja ya breki kila siku, na kila siku kantini haina cha kumuuzia isipokuwa kilichokaangwa au kilichotiwa sukari: kabalagala, mandazi, biskuti, krispi za pakiti, na vile vinywaji vya rangi vinavyogandishwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Na hapa ndipo napandwa na hasira kidogo. Embe zinaoza chini ya miti. Mapera watoto wanapigiana. Fenesi linauzwa kwa vipande barabarani, papai halikosekani. Uganda! Nchi ambayo ukitupa mbegu usiku asubuhi unakuta mche, na mtoto anasherehekea siku ya kuzaliwa kwa juisi ya pakiti iliyovuka bahari.

Nitakaa kidogo kwenye jambo ambalo hamkulitarajia: usingizi. Nani hapa mtoto wake anachukuliwa na gari la shule kabla ya saa kumi na mbili asubuhi? Inueni mikono, msione haya. Ehe. Mtoto anaamshwa saa kumi na nusu, anavishwa sare akiwa amefumba macho, anazungushwa mji mzima kwa saa moja na nusu, kichwa kinagonga kioo. Jioni anarudi saa moja, ana kazi za nyumbani, anakula saa tatu, analala saa nne. Nimewahesabia: saa sita na nusu. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa tisa mpaka kumi na mbili. Asipolala, homoni ya njaa inapanda na ile ya kushiba inashuka, na hatamani mchicha, anatamani tamu na mafuta. Sisi tunasema mtoto ana tamaa ya chakula. Mtoto ana tamaa ya kulala!

Na gari hilo hilo limemnyang'anya miguu. Sisi tulitembea kutoka huku mpaka mjini tukicheza njiani. Alasiri ilikuwa kwepena, kamba, mpira wa majani ya migomba, mpaka mama aite mara tatu. Watoto wa miaka mitano mpaka kumi na saba wanahitaji walau dakika 60 za kutoka jasho kila siku, na kwa sisi hiyo ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Sasa kiwanja kimejengwa nyumba za kupanga, barabarani bodaboda haziangalii mtu, na mzazi mwenye akili anafunga geti. Namwelewa. Ila ndani ya geti kuna nini? Katuni.

Wakati wa korona tuliona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa watoto wote kwa pamoja mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Mheshimiwa Rais alipoonyesha kwenye televisheni mazoezi ya ndani ya nyumba, wajukuu zangu walimwiga kwa siku tatu, tukacheka sana. Siku ya nne walirudi kwenye kochi na bakuli la mandazi. Shule zilipofunguliwa, fundi cherehani wa mtaani kwetu alipata kazi ya kupanua sare mpaka akaajiri msaidizi.

Wenye watoto wa bweni nao nisiwasahau, maana Jumapili ya kutembelea naijua. Wiki zote posho, yaani ugali, na maharage, kisha siku moja familia inashuka na ndoo. Kuku mzima, chipsi, pilau, keki, soda mbili. Mtoto analishwa kama anayepelekwa vitani, na anaachiwa kisanduku cha biskuti na kilo mbili za sukari chini ya kitanda. Wengine tunafanya hivyo hata nyumbani. Baba anarudi saa tatu usiku, hajamwona mtoto tangu Jumapili, mkononi ana kaveera ya chipsi kuku. Baba, kaveera ile ni barua ya kuomba radhi. Mtoto anaipokea, anafurahi, anakula, analala na tumbo zito. Ungekuja saa kumi na mbili mikono mitupu mkapiga mpira dakika ishirini, radhi ingepokelewa vilevile.

Wapo watakaosema ni damu ya ukoo. Kuna ukweli hapo. Watoto wengine huzaliwa na mwili unaopenda kuweka akiba. Lakini ukoo haurithishani damu tu, unarithishana na sufuria. Yapo pia magonjwa ya homoni yanayonenepesha, ni machache, na dalili yake kubwa ni mtoto anayenenepa huku harefuki. Huyo mlete hospitali, usingoje. Anayenenepa na kurefuka vizuri, tazama jikoni kwanza.

Kwa akina mama wenye wachanga nitasema haraka maana mnajua kuliko mimi: maziwa ya mama peke yake miezi sita, endelea kunyonyesha mpaka miaka miwili, na uji wa mtoto chini ya miaka miwili usitiwe sukari. Chupa si cheo.

Sasa mnataka kujua la kufanya. Nitaanza na la kutofanya. Usimwekee mtoto chakula chake cha adhabu. Nimeona nyumba ambapo watoto wanne wanakula wali na kuku, wa tano amewekewa kabichi ya kuchemsha pembeni kwa sababu daktari kasema. Mtoto huyo ataiba. Ataficha mkate chini ya godoro, na mtamwita mwizi. Na msimwite Bonge. Wala kwa mapenzi. Mtoto anayechekwa hachezi. Anakaa pembeni, na pembeni hakuna rafiki isipokuwa chakula. Yule binti wa shingo aliniambia, mama yake alipotoka nje, kwamba wakati wa michezo huwa anaomba ruhusa ya kulinda mabegi ya wenzake.

Mtoto anayekua mara nyingi hana haja ya kupunguza kilo hata moja. Akibaki na kilo zile zile kwa mwaka mzima huku anarefuka, urefu wenyewe utamnyoosha. Ni mtaalamu wa afya atakayesema huyu apungue, si wewe wala jirani.

Kinachobadilika ni nyumba nzima, na mwenye nyumba ndiye anayetangulia. Mzazi ana kazi yake: kuamua kinacholetwa mezani, saa ya kula na mahali pa kula. Mtoto ana kazi yake: kuamua ale kiasi gani. Sisi tumebadilishana kazi. Mtoto ndiye anayechagua leo tule chipsi, na mzazi ndiye anayesimama na mwiko akisema maliza sahani, wenzio wana njaa. Akisema ameshiba, mwaminini. Kile kipimo cha shibe Mungu amemwekea ndani. Tukimlazimisha kila siku kinaharibika, na akifika miaka thelathini hajui tena ameshiba lini.

Soda isikae nyumbani. Sikusema isinywewe kabisa; Krismasi ni Krismasi, Idi ni Idi. Nasema isiwepo kwenye kabati Jumanne. Kisichokuwepo hakiombwi kila saa. Maji yachemshwe, yapoe, yawekwe kwenye mtungi mahali ambapo mtoto anafika mwenyewe. Sukari ya chai ipunguzeni nusu kijiko kila wiki mbili, hakuna atakayegundua. Mimi nilimfanyia mume wangu na mpaka leo anasema chai yangu ni tamu. Mukene, yaani dagaa, wa hapo Masese, mchicha wa dodo, viazi vitamu, matoke ya kuchemsha na mchuzi wa karanga, maharage: hivi ni vyakula vya bei yetu. Na yaya aambiwe, bibi aambiwe. Bibi aambiwe na mwanawe mwenyewe, si na mkwe, kama mnataka amani.

Simu na televisheni zisile pamoja na mtoto. Na zizimwe saa moja kabla ya kulala. Najua ndizo zinazomtuliza mnapopika. Basi mwiteni jikoni, achambue mchicha. Atauvuruga. Mwacheni auvuruge, ataula.

Mambo mawili yako nje ya geti la mzazi mmoja, na ndiyo maana nimefurahi kuwakuta wote hapa. La kwanza ni kantini. Kamati ya shule ndiyo inayompangisha mwenye kantini, na kamati ni nyinyi. Mnaweza kumwambia leo, kabla hamjaondoka, kwamba muhula ujao tunataka matunda, karanga, mahindi ya kuchemsha na maji, na soda zibaki kwenye magenge ya nje. Atalalamika. Mhakikishieni wanunuzi, maana naye ana watoto wanaosubiri ada. La pili ni kipindi cha michezo. Nimeona kwenye ratiba ukutani, mwalimu mkuu unisamehe, kwamba darasa la saba halina kipindi hata kimoja cha michezo muhula huu. Mitihani ya PLE, ile ya kumaliza shule ya msingi, naijua, na mimi nilisomesha watoto. Lakini mtoto aliyekimbia nusu saa hasinzii kwenye hesabu.

Nilianza na utepe, namalizia na uzi. Uzi huu wa kushonea magunia ni wa bei ya chini kuliko mtihani wowote wa maabara, na unafaa kwa mtoto wa miaka mitano na kuendelea. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, pima kwa uzi kuanzia kisigino mpaka utosini, kata hapo. Sasa ukunje katikati. Uzungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, mtoto akiwa ametoa pumzi, asiwe ameibana tumbo. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, yaani kiuno kimezidi nusu ya urefu wake, njooni tuongee mimi na wewe, pembeni, mtoto asisikie. Na ukimaliza na mtoto, jikatie na wewe wako.

Mkasi uko kwenye meza ya kushoto, uzi uko ndani ya kikapu. Mwalimu wa zamu atapanga foleni. Waanze wenye watoto wadogo, maana naona wameshaanza kulia.